Pole Tulizopewa Njiani Kwenda Mfangano

Siku ile mlipokuja kunijulia hali baada ya goti langu kupasuliwa, mliitazama picha iliyo ukutani, kisha mwenzenu Esta akauliza kwa sauti ya chini hayo yalikuwa matanga ya nani. Nilicheka mpaka goti likauma. Hayakuwa matanga. Ilikuwa likizo. Sisi watu wa Sironga, miaka ya sabini ikianza anza, tulifunga safari ya kwenda kutazama mlima wa volkano katikati ya ziwa, familia nzima na kuku juu. Niliwaahidi nitawaandikia, na mnanijua mimi kufupisha sijui, basi kaeni vizuri.

Mambo ya barua na ruhusa ya mwalimu mkuu nayaruka. Hayo hata wakati ule yalinichosha.

Sironga

Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwa Ekegusii, alikuwa mwalimu wa jiografia na mkulima wa chai. Alikuwa pia Msabato wa kunyooka, maana yake alilima chai ekari mbili na hakuwahi kunywa kikombe kimoja, kwa kuwa kanisa letu lilikataza. Watu walimtania sana kwa hilo. Yeye alijibu kwamba hata seremala hali viti, akaendelea kupalilia.

Mwaka ule, wakati wa mvua ndefu, mama alijifungua mtoto wa nne, msichana, akaitwa Bosibori. Alikaa nasi wiki sita. Homa ilimshika Jumatatu, na Alhamisi tukamzika nyuma ya nyumba karibu na migomba. Kwetu siku zile mtoto mchanga hakufanyiwa matanga. Hakuna watu wa kuja na pole, hakuna nyimbo, hakuna kuketi na mama yake. Magokoro, yaani nyanya yetu aliyemzaa Tata, alimwambia mama asilie, kwa sababu mtoto kama huyo akililiwa huwavuta na wenzake wamfuate. Jina nalo likaachwa kutajwa.

Mama alitii. Alitii mpaka akaacha na mambo mengine, kuimba, kugombana, kula. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kelele, mwenye kutuita kutoka ng'ambo ya bonde na tukasikia. Sasa alichuma chai kutwa nzima bila neno, akirudi anapika, anatupakulia, yeye anaigusa sahani tu. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliogopa. Niliona mama anapungua, na sikujua atapungua mpaka wapi.

Tata naye aliona. Alikuwa amesoma mahali kwamba mtu aliyeelemewa moyoni hupelekwa kubadilisha hewa. Rafiki yake wa chuo cha ualimu, Mwalimu Okeyo, kwao ni kisiwa cha Mfangano, na kila mwaka alimwalika. Basi Tata akatangaza mezani kwamba Agosti shule zikifungwa tutakwenda sote, mama apumue hewa ya ziwa, na sisi watoto tuone kwa macho yetu mlima uliotokana na moto. Mdogo wangu Nyamweya, mwenye miaka minane, hakulala vizuri wiki nzima kwa kuuwazia huo moto.

Jirani yetu alipita tukifunga mizigo. "Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna," Tata akasema. "Tunakwenda kutazama."

"Kutazama nini?"

"Mlima."

Jirani akageuka, akaitazama milima yote iliyotuzunguka, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akatutakia safari njema na kwenda zake.

Sasa sikieni kosa letu lilipoanzia. Kwetu enzi hizo watu hawakusafiri na familia nzima kwa kujifurahisha. Ukiona baba, mama, nyanya na watoto barabarani wamevaa nguo za Sabato, wana msiba. Na Tata alivaa suti yake nyeusi kwa sababu alikuwa mwalimu anayekwenda kwa mwalimu mwenzake. Mama alivaa gauni la buluu iliyoiva, na kitambaa cheupe kichwani. Magokoro, ambaye hakualikwa na mtu, alikuja na mkungu wa ndizi, unga wa wimbi, mkeka na kuku jike, akasema hakuzaliwa na watu wanaoingia nyumba za wenyewe mikono mitupu. Hivyo hasa ndivyo watu wetu wanavyokwenda kuzika. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo.

Mjini Kisii

Tulifika Kisii saa nne asubuhi, na basi la Homa Bay likawa halijajaa. Tata akatupeleka kwenye duka la Mwislamu mmoja aliyekuwa akiuza mandazi na halua, mzee mwenye Kiswahili cha kupendeza hadi Tata, aliyefundisha Kiswahili pia, akawa anajikaza anapozungumza naye. Mzee alitutazama, akamtazama mama, akafunga mandazi kumi na mawili kwenye gazeti na kumsukumia Tata.

"Poleni sana, Mwalimu. Mwenyezi Mungu awape subira."

"Ahsante, lakini sisi hatujafiwa," Tata akasema huku akitoa pesa. "Tunakwenda matembezi."

Mzee akakataa pesa. Tata akazirudisha mezani. Mzee akazirudisha mkononi mwa Tata, akakifumba kiganja chake kwa upole, akaniambia mimi, "Huzuni ndivyo ilivyo, binti. Mtu hukataa kwanza." Tata alikuwa mtu ambaye akipewa chenji iliyozidi senti tano alirudi nusu maili kuirejesha, na sasa analishwa mandazi ya msiba asio nao. Alieleza habari ya volkano kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakati anaeleza, Magokoro alikwisha kuyabeba mandazi na tulikuwa tunakula nje.

Mama alikula moja. Nilihesabu, kwa sababu siku zile kila tonge la mama nililitazama.

Basi la Homa Bay

Utingo alipotuona tu alipaza sauti. "Wafiwa wapite! Wape wazee viti!" Watu wakainuka, hata mama mmoja mjamzito akataka kuinuka, Tata akamzuia kwa mikono miwili. Tukaketi mbele tukiwa tumeona aibu. Tata akanong'ona kwa Ekegusii kwamba ajapo mtu mwingine na pole, ajibiwe vizuri na kwa ufupi: hatuna msiba, ni likizo.

Hata soko la Mosocho hatujalipita, gurudumu likapasuka, na jeki ya basi haikuwepo. Ilikuwa imeazimwa na basi jingine. Tulikaa pale saa mbili na nusu kwenye nyasi. Wanawake wa soko waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma waliona mkungu wa ndizi, suti nyeusi, na mama akiwa na Moraa, mdogo wetu wa miaka minne, mapajani. Hawakuuliza kitu. Walikuja watatu, wakakaa kando ya mama, na mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa. Tata alitembea hadi mwisho wa uwanja na kurudi, kama anavyofanya wanafunzi wakikosea jibu moja mara ya tatu.

"Mama Kemunto, waambie," akamwambia mama. Kemunto ndimi.

Mama hakuwaambia. Alikaa tu, na wimbo ulipofika kiitikio niliona midomo yake inatembea. Sauti haikutoka. Mwanamke mmoja akamwuliza polepole kwa Ekegusii, "Ni nani, mwenzangu?" Mama akatazama chini. Hakusema ni fulani, na hakusema hakuna. Hilo la pili ndilo lililonishtua, maana hata mimi nilikuwa nimeshalikariri jibu la Tata.

Kwa ajili ya lile gurudumu, tulifika Homa Bay meli imeondoka. Tulipata hifadhi kwa muumini mwenzetu, na asubuhi tukawa na saa nyingi za kupoteza gatini. Hapo ndipo ilipopigwa picha. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye kamera ya miguu mitatu na adabu nyingi. Tata alimwambia anataka picha ya furaha ya familia. Kijana akaitikia, akatupanga, akamweka kuku nje ya picha, kisha akasema, "Msicheke sana, Mwalimu. Baadaye mtaona vibaya mkikumbuka siku yenyewe." Na sisi, watu wa kutii, tukanuna.

Majini

Ilikuwa meli ndogo, na ilibeba watu, magunia ya mahindi, baiskeli na mbuzi mmoja mwenye hasira. Sisi watu wa milimani hatukuwa tumewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nyamweya alitapika kabla hatujatoka kwenye ghuba. Magokoro aliketi sakafuni juu ya mkeka wake, akafunga macho, akaliambia ziwa kwa sauti kwamba yeye amekwisha kuwa mzee na halina faida naye.

Abiria mmoja, Mjaluo mnene mwenye kofia, alitugawia sukari guru. Na yeye alitupa pole. Tata alikuwa amechoka. "Ahsante," akasema, basi. Yule bwana akauliza marehemu alikuwa wa umri gani. Tata akanitazama mimi, akatazama maji, akasema kwamba upepo wa leo ni mkali.

Mfangano ni mlima uliosimama majini, watu wamejenga kwenye miguu yake. Nilipouona nilisimama. Ulikuwa wa kijani chini, mweusi wa miamba juu, na mawingu yamekaa kileleni. Nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu mvua. Nilimvuta mama gauni, naye akatazama, akasema, "Ni mkubwa." Nakumbuka vizuri kwa kuwa ndilo neno pekee alilosema siku ile hadi jioni.

"Moto uko wapi?" Nyamweya akauliza.

"Ulizimika," Tata akasema.

"Lini?"

"Zamani sana. Kabla ya babu wa babu zako."

Nyamweya akawaza. "Kwa hiyo tumekuja kuangalia jivu," akasema, akarudi kutapika.

Nyumbani kwa kina Okeyo

Mwalimu Okeyo hakuwepo. Alikuwa ameitwa Kisumu kwa kazi ya mitihani, na barua yake ya kutuambia tusubiri ilifika Sironga sisi tukiwa njiani. Aliyetupokea ufukweni ni mama yake, bibi mfupi mwenye macho makali. Alitazama ndizi, kuku, suti na gauni, akaweka mkono kichwani.

Magokoro akamsalimu kwa Ekegusii, kwa mazoea tu. Bibi akamjibu. Wote wawili wakasimama wakitazamana. Wazee wa kisiwa kile wakati ule walikuwa bado na Kisuba chao, na Kisuba na Ekegusii ni watoto wa nyumba moja. Maneno mengine yalipita, mengine yalikwama, lakini walisikilizana, kwa maneno ya kale ambayo sisi wengine hatukuyajua. Magokoro, ambaye tangu Homa Bay hakuwa na mtu wa kuzungumza naye ila sisi kwa sababu Kiswahili hakijui, sasa akawa mkalimani wetu. Alitembea mbele na yule bibi, na sisi wasomi tukafuata nyuma na mizigo.

Bibi alitukaribisha ndani, akaleta chai ya maziwa. Tata akakataa kwa adabu. Akaleta sinia la ugali na kambare mzima, mkubwa, mwenye ndevu. Tata akakitazama kile kichwa, akatazama ngozi, na magamba hayapo. Samaki asiye na magamba kwetu sisi ni najisi, hatuli. Akakataa tena, jasho likimtoka, akisema tumeshiba, na Nyamweya wakati huohuo akisema ana njaa.

Bibi alilitua sinia chini. Akamwambia Magokoro maneno marefu kidogo. Magokoro hakutafsiri.

"Anasemaje?" Tata akauliza.

"Anasema watu wasiokunywa na wasiokula wana maiti nyumbani," Magokoro akasema. "Anauliza ni nani."

Tata akavuta pumzi. "Mwambie hatuna msiba. Mwambie ni mambo ya dini, na kwamba tumekuja..."

"Tunao," mama akasema.

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya zamani. Bibi alielewa bila mkalimani. Alisogeza kigoda karibu na mama, akauliza tena, na safari hii alimwuliza yeye mwenyewe.

"Binti yangu," mama akajibu. "Anaitwa Bosibori. Alikuwa na wiki sita."

Jina lile sikuwa nimelisikia tangu Aprili. Nilihisi kama mtu ameniita mimi. Bibi akaongea, akimtazama mama lakini akimwachia Magokoro kazi ya kuyafikisha. Na Magokoro alikaa kimya. Nilimtazama. Yeye ndiye aliyemkataza mama kulia, na maneno yale sasa yalikuwa mdomoni mwake. Angeweza kuyapunguza, angeweza kuyageuza, na nani angejua?

"Anasema amezika watatu," hatimaye akasema. "Mmoja hakumaliza hata wiki. Anasema aliwalilia wote, kila mmoja kwa jina lake, na bado akamzaa Okeyo." Alikuwa anafungua na kufunga kanga yake kiunoni. "Hayo ndiyo aliyosema. Na mimi nasema nilikukataza, mwanangu, kwa kuwa nami nilikatazwa. Lia."

Mama akalia. Sitawaeleza kilio kile, kila mmoja wenu amewahi kukisikia mahali. Wanawake wa jirani walikuja, kama watu wajavyo kwenye matanga, wakaketi sakafuni, hawajui jina la kijiji chetu, wakalia na mama. Magokoro alilia kuliko wote, na hadi leo sijui alikuwa anamlilia Bosibori peke yake au na wengine ambao hakuwahi kututajia. Tata alisimama mlangoni na kofia yake. Halafu akaja akaketi chini, juu ya suti yake, mahali ambapo baba aliyefiwa hukaa. Mjaluo mmoja mzee aliyepita akamshika mkono na kumpa pole, na Tata akasema, "Ahsante. Tumepoa."

Mlimani

Ijumaa asubuhi tulipanda mlima, kwa kuwa jua likizama Sabato ingeanza na Tata hakutaka tukutwe njiani. Mama alikataa kwenda. Alisema atabaki na bibi. Tata alihuzunika, nilimwona. Safari yote aliipanga ili mama asimame juu kule apumue. Lakini hakumsukuma.

Kupanda kulituchukua saa tatu, na mimi nilikula ndizi saba. Juu upepo ulitaka kutuvua nguo. Ziwa lilikuwa pande zote, na visiwa vingine vidogo mbali, na chini kabisa paa la nyasi la nyumba ya bibi na vitone viwili uani ambavyo Nyamweya aliapa ni mama na Magokoro.

Tata akaokota kijiti, akachora mlima kwenye mchanga kama alivyouchora ubaoni kwa miaka kumi na miwili. "Sasa," akasema kwa sauti ya darasani. "Chini ya ardhi kuna moto. Ukikosa njia ya kutokea, unakusanyika. Unakusanyika, na sisi juu tunaona majani tu, tunasema pako salama..." Akaacha hapo. Tulingoja. Alitoa leso, akajifuta uso, akatuambia somo limekwisha, tutazame wenyewe.

Aliketi kwenye mwamba muda mrefu, na mimi nikakaa karibu naye. "Kemunto," akasema, "mimi nilidhani ni hewa." Nikamshika mkono.

Tuliporudi, sauti ya mama ndiyo tuliyoisikia kwanza, kutoka mbali. Alikuwa anagombana na Magokoro kuhusu chumvi. Walikuwa wamepata ngege wawili, samaki wa magamba halali kabisa, na Magokoro alitaka kuwachemsha kama mboga za kwetu. "Ondoka jikoni, mama, utaharibu chakula cha watu," mama alisema, na bibi wa Mfangano alikuwa anacheka kwa kuwa alisikia kila neno. Mama alikula samaki wake hadi mifupa, akaomba ugali tena. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, peke yangu, kwa sababu mimi pia sikuwa nimelia.

Sabato tuliimba uani. Ile sauti ya mama, ya kuitia watoto ng'ambo ya bonde, majirani walikuja kuitafuta.

Kurudi

Jumapili bibi alitusindikiza gatini na samaki wakavu wa kutosha mwezi mzima. Kuku tulimwachia. Mama na yule bibi hawakuagana kwa maneno, walishikana mikono tu mpaka filimbi ikalia.

Karani alikuwa ameketi penye ngazi ya meli na kitabu chake cha tikiti. "Watu wazima?" akauliza bila kutazama.

"Watatu," Tata akasema.

"Watoto?"

Tata akafungua mdomo, lakini mama akamtangulia. "Wanne," akasema.

Karani akainua macho. Akatuhesabu kwa kalamu, mimi, Nyamweya, Moraa, kisha akarudia upya kutoka kwa Moraa. "Mimi nawaona watatu, mama."

Mama alimtazama Tata, na sisi sote tukamtazama Tata, mtu yule wa kurudisha senti tano. Nyuma yetu foleni ilianza kunung'unika.

"Umesikia alivyosema," Tata akamwambia karani. "Andika wanne."

Karani akakata tikiti nne za watoto, na Tata akazilipia zote.